Ritifaa ya ng': maswali ninayoulizwa kila mara na wazazi na walimu wenzangu

Nimesomesha darasa la kwanza na la pili hapa Pemba kwa miaka mingi. Sasa, baada ya laasiri, watoto wa mtaani kwetu wakitoka chuoni, yaani madrasa, hukaa barazani kwangu na mabuku yao mpaka karibu na magharibi. Wazazi wanaokuja kuwachukua huuliza mambo mengi, lakini hili la koma ya juu linarudi kila wiki. Nimeona niyaandike majibu mara moja, anayeuliza nimpe asome.

Hiyo ritifaa ni kitu gani hasa?

Ni ile alama ndogo inayoning'inia juu baada ya g katika maneno kama ng'ombe, ng'oa na nong'ona. Wengine huiita koma ya juu, na watoto wangu wana majina yao: kuna anayeiita "kidole", kuna anayeiita "kipele". Sina ugomvi na majina, ila nasisitiza jambo moja. Katika ng', alama hii si ya uandishi kama nukta, koma au kiulizi. Ni kiungo cha herufi, kama ile nukta juu ya i. Ukiiacha hukukosea pambo, umeandika sauti nyengine.

Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi, na walimu wengine pia, huichukulia kama chumvi: ikiwepo vizuri, isipokuwepo chakula kinalika. Mtoto akishaona wakubwa wanaiacha katika ujumbe wa simu, kwenye vibao vya maduka na kwenye kadi za harusi, kwa nini yeye ajisumbue?

Mwanangu anatamka "ng'ombe" sawasawa, lakini kila akiandika anaandika "ngombe". Ana tatizo gani?

Hana tatizo. Mtoto wa Pemba au Unguja aliyekua na Kiswahili hatokosea kutamka ng'ombe. Anachokosa ni kujua kwamba mdomo wake unatoa sauti mbili tofauti. Anazisema, hajawahi kuzisikia. Ni kama mtu anayetembea kila siku: muulize anatanguliza mguu gani akipanda ngazi, hana habari.

Katika ngoma kuna vitu viwili: king'ong'o cha puani, halafu g inayofuatia. Katika ng'ombe kuna king'ong'o peke yake, g haipo kabisa. Tunaiandika g kwa sababu tulikosa herufi nyengine, kisha tunaweka ritifaa kumwambia msomaji: g hii usiitamke.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi penseli, shughulika na sikio. Mzazi anayeanza kwa kuandikisha "ng'ombe" mara hamsini kwenye buku atapata mtoto anayejua kuandika ng'ombe. Kesho mtoto huyo huyo ataandika "alingoa jino".

Basi sikio linafundishwa vipi?

Mimi hutumia kitu ninachokiita kishindo. Mwambie mtoto aseme "ngoma" taratibu sana, auvute mwanzo wake. Atasikia, kabla ya o, kitu kinagonga nyuma ya ulimi. Hicho ndicho kishindo cha g. Sasa aseme "ng'ombe" kwa mwendo ule ule. Sauti inapita puani kama mvumo wa nyuki, kisha inafunguka moja kwa moja kwenye o, bila kugonga kitu. Kanuni yetu ya barazani ni hii: penye kishindo hapana ritifaa, pasipo kishindo pana ritifaa.

Watoto wa kwetu wana faida moja ambayo walimu wa skuli huisahau. Wengi wanasoma tajwidi chuoni, na wanaijua ghunna, ile sauti inayotoka puani ambayo maalim wao huwataka waivute. Nikiwaambia kuwa ng' ni ndugu wa ghunna, nyuso hufunguka. Mtoto wa miaka saba aliyefundishwa ghunna vizuri anaelewa ng' kwa dakika tano. Mtu mzima asiyeisoma humchukua jioni nzima.

Baada ya hapo tunacheza. Mimi nataja neno, wao wanapiga mguu chini wakisikia kishindo, wanashika pua wasipokisikia. Nguo: mguu. Ng'ara: pua. Nguru: mguu. Ng'onda, yule samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani: pua. Nungwi: mguu. Hakuna kuandika. Siku tatu au nne za mchezo huu, tena dakika kumi tu kwa siku, ndipo mabuku yanafunguliwa.

Kuna mtoto mmoja wa kiume, mkaidi wa kuzaliwa, aliyekataa kabisa. Buku limefungwa, mikono ameikunja kifuani. Nikamwambia, haya baba, andika neno moja tu tumalize. Akanijibu: "Siandiki ng'o!" Wenzake wakacheka. Nikamwambia, hilo hilo ulilolisema mwisho, lirudie. "Ng'o!" Je, umesikia kishindo? Akanyamaza, akalirudia kimyakimya, akashika pua. "Sikusikia." Akalifungua buku akaandika ng'o, na ritifaa yake kubwa kama ndizi. Tangu siku hiyo somo langu la kwanza la ng' ni ng'o. Ni neno fupi, kila mtoto analijua, na analisema kwa roho yake yote.

Ni maneno gani yanayochanganywa zaidi?

Mengi yanayokosewa hayana pacha: ukiandika "ngombe" hakuna neno hilo, msomaji atakusamehe. Hatari ni pale ambapo ukiiacha alama unapata neno jengine lenye maana yake.

La kwanza ni ng'oa na ngoa. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, kama muhogo au jino. Ngoa ni tamaa au wivu. Ndiyo maana anayeona wenziwe wamepata naye akaumia husemwa analilia ngoa. Nilipokuwa mdogo niliandika katika imla "mama ameshika ngoa ya jino" kwa kutaka kuzidisha maneno ya kikubwa, na mwalimu wangu akaisoma darasani kwa sauti. Sentensi yenyewe ilikuwa mbovu hata bila ya kosa la ritifaa, lakini kilichochekwa ni mama kuwa na wivu na jino.

Wadogo zao ni ng'oe na ngoe. Ngoe ni ule mti wenye kulabu wa kuvutia matawi na kuangulia matunda. "Mpe babu ngoe" na "mwambie babu ang'oe" ni kazi mbili tofauti shambani, na hiyo ya pili mwenye mti hatoifurahia.

Halafu kuna mbungo na mbung'o, na hapa huwa nakaa kidogo kwa sababu watoto hupenda kisa chake. Mbungo ni mti unaotambaa unaotupa mabungo, yale matunda ya manjano ya juisi ya uchachu. Mbung'o ni nzi anayefyonza damu na kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Unguja walikuwepo. Wakamalizwa kwa njia ya ajabu: madume yalifugwa kwa maelfu, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kutoka kwenye ndege, majike wakapandwa wasizae. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Kwa hiyo mtoto akiniandikia "Unguja kuna mbung'o wengi na tunakunywa juisi yake", namwambia amewarudisha kisiwani wadudu ambao wataalamu walihangaika nao miaka, tena kwa alama moja ya penseli.

Ng'ara na Ngara: la kwanza ni kutoa mwanga, la pili ni wilaya katika mkoa wa Kagera. "Nyota zinangara" haina maana yoyote, ila mtoto wa huko anaweza kudhani nyota zimehamia kwao.

Ngome na ng'ombe hayafanani sana, lakini wakitembezwa Ngome Kongwe pale Forodhani, wakirudi nusu ya darasa huandika "Ng'ome". Sababu ni kuwa ng'ombe wamelikariri kwa macho, wanaona n, g, o, m, mkono unaweka alama peke yake. Macho yakitangulia sikio, huo ndio mwisho wake.

Gonga na gong'ota pia huchanganya, maana yanakaribiana hata kwa maana. Kugonga ni kupiga kwa nguvu. Kugong'ota ni kupiga kidogo kidogo, ko ko ko, kama ndege anavyofanya kwenye gogo. Kwenye gonga kipo kishindo, kwenye gong'ota hakipo. Waambie wayaseme yote mawili wakiwa wameweka kiganja chini ya kidevu.

Sasa wangu amezidisha. Anaandika "ng'oma", "wang'u", hata "Mung'u".

Huyo anaendelea vizuri, usimkemee. Amegundua kitu kipya, anakitia kila mahali, kama mtoto aliyepewa filimbi. Atapoa.

Unaweza kumsaidia kwa kumpa maeneo ambayo ritifaa haiingii hata siku moja. Vya umiliki: wangu, yangu, changu, langu, vyangu, havina ritifaa. Vya wingi na vya kuuliza: wengi, mingi, nyingi, wangapi, ngapi. Mwengine na ndugu zake wote. Sifa zinazoanza na g zikipewa n mbele yake: gumu inakuwa ngumu, geni inakuwa ngeni, hiyo g ilikuwepo tangu mwanzo na bado inatamkwa. Vitenzi vinavyoishia na -nga: jenga, funga, panga, tunga, chunga. Na Mungu, tangu, chungu, sungura.

Yenyewe ng' hupenda kukaa mwanzoni mwa mzizi wa neno: ng'oa, ng'ara, ng'amua, ng'ang'ania. Kiambishi kikija mbele, ritifaa haihami: aling'oa, tutang'amua, king'amuzi, wanang'ang'ania. Katikati ya mzizi ni maneno machache, na hayo yafundishwe moja moja: nong'ona, gong'ota, kung'uta. Hilo la mwisho lina mtego, linaonekana kama lina ku- ya kitenzi. Halina. Bibi anakung'uta mkeka, hang'uti mkeka.

Majina ya mahali je? Hayana kanuni.

Yana kanuni ile ile ya sikio. Unguja yenyewe ina kishindo. Nungwi, Tunguu, Mangapwani, na huku kwetu Wingwi, Kengeja, Makangale, Kangani, Shengejuu na msitu wa Ngezi, yote hayana ritifaa. Yenye ritifaa ni machache, ndiyo maana ni rahisi kuyakariri: Ng'ambwa ya Chake Chake, na Ng'ambo ya mjini Unguja.

Hilo la Ng'ambo linafaa kusimuliwa. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Zamani Mji Mkongwe ulitengwa na mtaa wa pili na mkono wa bahari, watu wakivuka kwa daraja. Maji yalikuja kufukiwa, daraja halipo, lakini Darajani imebaki Darajani na Ng'ambo imebaki Ng'ambo. Mtoto anayejua hivyo hasahau kuwa "kwenda ng'ambo" kusoma nje ya nchi ni neno hilo hilo, na huliandika kwa herufi ndogo.

Kwa nini hatukupewa herufi moja tu tukapumzika?

Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya sauti hii. Zilipokuja za Kirumi, nazo hazina. Wataalamu wa fonetiki wana alama yao, ŋ, na Waganda wanayo katika alfabeti yao, ingawa hata wao huandika ng' mara nyingi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Tahajia tunayoifundisha leo imetokana na kazi hiyo. Naam, ingekuwa rahisi kuwa na herufi moja. Lakini jaribu kuitafuta ŋ kwenye simu yako.

Chuoni mwanangu ameona "Qur'ani", "du'a", "Jum'a". Skuli anaambiwa Juma. Nani mkweli?

Wote wawili, kila mmoja na kazi yake. Katika maandishi ya dini, anayehamisha maneno ya Kiarabu kwenda herufi za Kirumi huitumia ritifaa kuonyesha herufi za Kiarabu hamza au ain, ili msomaji asiipoteze herufi ya asili. Neno likishaingia katika Kiswahili na kuvaa kanzu yetu, alama hiyo haihitajiki: dua, Juma, Shaaban, saa, maalim. Kiswahili hutamka kila irabu peke yake, kwa hiyo du-a tayari ina silabi mbili bila msaada.

Kurani utaiona kwa namna zaidi ya moja: Kurani, Qurani, Qur'ani. Mimi humwambia mtoto aandike kama mwalimu wa somo lile anavyoandika, na asichanganye namna mbili katika ukurasa mmoja. Usimwambie maalim wa chuoni amekosea. Hajakosea. Na hii si ritifaa ya ng', ni ya kazi nyengine. Mtoto aelezwe hivyo waziwazi, la sivyo atadhani alama moja ina maana moja popote.

Na "n'nakuja", "n'shakwambia"?

Hapa tunaingia nyumbani kwetu. Sisi tunasema n'nakuja, n'takwenda, n'shakula. Aliyeambiwa aandike ninakuja hujiona anazungumza na waziri. Katika insha na mtihani aandike kwa ukamilifu: ninakuja, nitakwenda, nimeshakula. Katika mazungumzo ndani ya hadithi, mhusika akiwa bibi wa Micheweni, mwache aseme n'takwenda, na ritifaa hapo inaonyesha kuwa sauti imemezwa. Ukimsahihisha bibi wa hadithi aseme kama mtangazaji wa redio, umemuua.

Washairi nao wana ruhusa yao, huiita inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie. "Mamangu amenifundisha" ina mizani tisa. Shairi la tarbia la kawaida linataka nane katika kila kipande, basi mshairi anaandika "Mamangu 'menifundisha", na ritifaa inasimama mahali pa a iliyoondoka. Watoto wa darasa la nne na la tano hulipenda somo hili wakipewa nafasi ya kuhesabu kwa vidole. Wa darasa la pili niachieni, wanatosheka na ng'.

Simu yangu inaandika alama nyengine, imelala upande. Ni kosa?

Iliyosimama wima na iliyopinda kuelekea kushoto, kama koma iliyopandishwa juu, zote zinakubalika. Isiyokubalika ni ile mistari mifupi inayoegemea upande mwengine, ambayo watu huibonyeza kwa bahati mbaya. Pia simu nyingi zikiona ritifaa mwanzoni mwa neno, kama katika 'menifundisha, hudhani unafungua nukuu na kuigeuza. Irekebishe kwa mkono.

Kubwa zaidi ni nafasi. Usiache nafasi baada ya ritifaa. "Ng' ombe" ni makosa, na kompyuta ikifika mwisho wa mstari itakata hapo hapo, ng' huku, ombe kule.

Kuna na hili la fomu. Jamaa yangu mmoja ana jina la ukoo lenye ng'. Alikwenda kwenye ofisi moja kujaza fomu ya kompyuta, mashine ikakataa alama, karani akaiondoa bila kumuuliza. Cheti kimoja sasa kina ritifaa, kingine hakina, na kila akitaka huduma huulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili. Mzazi mwenye mtoto wa jina kama hilo, tizama kila karatasi kabla hujatia saini.

Kiingereza kinamchanganya. Huko anaambiwa ritifaa ni ya umiliki.

Ni kweli, huko ina kazi mbili: kuonyesha herufi iliyoondolewa na kuonyesha mwenye kitu. Hata wenyewe wanajikanyaga, hasa kwa "it's" ambayo ni kifupi cha "it is", na "its" ambayo ni ya umiliki na haina alama. Mwambie mtoto: ukiweza kuisoma kwa kirefu na sentensi ikaeleweka, weka alama, ukishindwa, usiweke. Na kwa Kiswahili umiliki tunao wenyewe, kitabu cha Ali, kofia ya babu. Nimeshaona "babu's kofia" kwenye buku. Nilicheka, kisha nikasahihisha.

Nimsahihishe kila kosa?

Hapana. Chagua. Ukijaza ukurasa wino mwekundu, mtoto haoni kosa, anaona ghadhabu. Mimi husoma kazi yake kwa sauti kama alivyoiandika, kwa uaminifu wote: "Jana babu a-li-ngo-a jino", na kishindo cha g nakikazia. Mtoto mwenyewe hushtuka, "Siyo hivyo maalim!", akachukua penseli. Kosa alilolisikia mwenyewe halirudi haraka. Nililomwekea mimi duara linarudi Jumatatu.

Usifundishe ng na ng' siku moja. Vitabu vingi huzipanga jirani, na walimu huzimaliza katika kipindi kimoja ili mada ikamilike. Fundisha ng, iache ikae wiki mbili, mtoto aizoee. Ndipo ulete ng'.

Kwenye silabi, ritifaa inahesabiwa?

Haihesabiwi. Ng'o-mbe ni makofi mawili, ng'a-ng'a-ni-a ni manne. Mwanzo wa sentensi ni Ng'ombe, n peke yake kubwa. Kwenye kichwa cha habari ni NG'OMBE, zote kubwa.

Una imla ya kumjaribu?

Ninayo. Msomee taratibu, sentensi moja moja, usimwonyeshe karatasi. Nimetumia mchezo wa ng'ombe, ule wa watu kumchezea dume uwanjani, kwa sababu kwetu Pemba hakuna mtoto asiyewahi kuukimbilia, na ukitaja mchezo huo huna budi kutaja na ngoma.

"Siku ya mchezo wa ng'ombe, Wingwi ilijaa watu. Ngoma zililia tangu asubuhi. Babu alivaa kanzu inayong'aa, akaacha ngoe yake mlangoni. Bibi alikuwa bado anang'oa muhogo. Mdogo wangu aling'ang'ania kupanda mwembeni ili aone vizuri. Mama akamwambia: Hupandi ng'o! Tukakaa chini, tukanywa juisi ya bungo, tukanong'onezana, tukamngoja dume atoke."

Ritifaa ni 7. Na maneno yenye kishindo yasiyotaka ritifaa ni 8: Wingwi, ngoma, tangu, ngoe, mlangoni, wangu, bungo, tukamngoja. Aling'ang'ania peke yake lina mbili, na hapo ndipo wengi huandika moja wakaridhika.